Jenereta Iliyoshika Sol

Umeme wetu wa Unguja hutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Desemba 2009 njia hiyo ikaharibika, kisiwa kizima kikawa gizani mpaka Machi 2010. Aliyejiweza alinunua jenereta. Mji Mkongwe, kuta zinakokaribia kugusana, ilikuwa ngurumo tangu magharibi hadi watu wanapolala.

Mimi nilikuwa mwaka wa tatu najifunza kanuni. Kwa asiyeijua, ni sanduku bapa la mbao linalolazwa mapajani, lenye nyuzi 78, tatu tatu kwa kila sauti, unazichuna kwa vipande viwili vilivyobanwa kwa pete kwenye vidole vya shahada. Daraja lake limekaa juu ya ngozi, na ngozi ikinywa unyevu wa bahari hulegea, sauti zote zikashuka. Anayepiga kanuni pwani, nusu ya umri wake huishia kwenye kulinganisha nyuzi.

Mikono yangu haikuwa na tatizo. Bashirafu nilizofundishwa, zile tungo za ala tupu bila kuimba, nilizihifadhi zote. Kilichonishinda ni taksimu, pale wenzio wanaponyamaza ukaachiwa uwanja peke yako, huna karatasi, huna ngoma ya kukushika mkono. Kila nikianza nilijivizia kama mtu aviziaye mwizi: hapa umerudia, hapa utakosea. Dakika mbili nimeshafunga. Maalim husema "Haya," basi. Haya yake iliniuma kuliko kukemewa.

Jioni moja ya Januari, isha imekwisha kusaliwa, nilikuwa kwake na kandili moja kati yetu. Ndiyo kwanza nimemaliza kulinganisha, jirani akawasha jenereta nyuma ya ukuta. Nikatoa mikono kwenye nyuzi.

"Maalim, tusubiri izimwe?"

"Watu wana samaki wao kwenye friji, mwanangu. Inasemaje?"

Sikumfahamu.

"Hiyo mashine. Wewe una ugomvi nayo tu, hujaisikiliza. Ipo kwenye sauti gani?"

Nikatega sikio. Chini ya makelele yote kulikuwa na mvumo mmoja usiokatika. Nikachuna re, siyo. Fa, siyo. Nilipogusa sol mwili ukanisisimka: ilikuwa sol, imepanda kidogo mno.

"Basi ifuate," akasema. "Halafu nipe Bayati juu yake." Bayati ni moja ya makamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu.

Nilikaa karibu nusu saa nikiivuta kanuni nzima, uzi baada ya uzi, ikubaliane na kitu nilichokuwa nikikichukia tangu Desemba. Nafikiri kazi ilifanyika hapo, kabla sijapiga chochote. Kufika uzi wa mwisho nilikuwa nimeshaacha kujisikiliza mimi, ninasikiliza mvumo.

Bayati ina hatua ambayo piano haina. Ukianzia sol, sauti ya pili inakuwa la iliyoshushwa kidogo, inakaa katikati, na kwenye kanuni unaipata kwa kugeuza vijikono vidogo vya chuma upande wa kushoto. Nikavigeuza. Nikachuna sol, nikaiacha ife. Kisha ile la. Ikasuguana na mvumo wa ukutani, ikatetemeka hadi nikaihisi mapajani, na nikataka kuisikia tena. Nikairudia. Nikaizunguka, nikaijia kutoka juu, nikaiacha na kuikuta tena mbali nisipoitarajia. Nakumbuka harufu ya mafuta ya taa. Nakumbuka wakati mmoja nilikosea uzi na kosa likanifungulia njia, nikalifuata bila kuona haya. Zaidi ya hapo sina ninalolikumbuka.

Jenereta ilipozimwa ndipo nikashtuka. Ilikuwa saa nne. Kahawa yangu imelala baridi kikombeni, ulimi wa kandili umekuwa mwembamba. Asubuhi nilihesabu uvimbe wa mbu kwenye mkono wa kushoto, 11, na sikumsikia hata mmoja akiniuma.

Maalim alikuwa amefumba macho. "Hiyo Waarabu huiita saltana," akasema. "Makamu imkamate mpigaji kwanza, ndipo naye amkamate msikilizaji. Na tarab ni fungu la huyo msikilizaji, kule kuchukuliwa. Sisi tunasema taarab, taarab, tumesahau jina linataka nini kwetu."

Miaka baadaye nilisoma kwamba mwaka 1974 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Auke Tellegen na Gilbert Atkinson, walieleza tabia ya namna hii: wepesi wa mtu kuzama mzima mzima ndani ya anachokiona au kukisikia, ambao waliukuta kwa watu wanaoingia kirahisi kwenye hipnosi, ile hali ya kuzubaishwa kwa maneno ya mtu mwingine. Wao waliizungumzia kama maumbile. Sibishani nao, lakini mimi nilikuwa mgumu kama jiwe, na kuna mtu aliyenionyesha mlango ulipo.

Machi umeme ukarudi. Wiki chache baadaye, kwenye arusi, kundi likaniachia taksimu kwa mara ya kwanza. Fidla zikanyamaza, wanawake wamekaa wananitazama, mtaa mzima kimya. Nikaitafuta sol yangu ukutani, haipo. Yule wa kunivizia akaanza kurudi kichwani. Mara nyuma ya bega langu nikasikia mtu anavuma, midomo imefungwa, chini kabisa, mvumo mmoja usiokatika. Sikugeuka. Nikachuna sol, nikaiacha ife, nikaiendea la.