Mia Tatu na Arobaini

Kompyuta ilinipa watu watano. Nilipotazama vizuri nikaona wawili kati yao ni mimi: mimi wa barua pepe ya chuo na mimi wa barua pepe ya nyumbani.

Ilikuwa mwaka 2017, Dar es Salaam. Tulikuwa tunakaribia kutoa toleo la kwanza la programu yetu ya hesabu za vikoba, vile vikundi vya kuweka na kukopa, na wenzangu wakanitupia kazi waliyoiona nyepesi, kuandika faili la shukrani. Programu yetu ilikuwa huria. Msimbo uko wazi, anayetaka anauchukua na kuurekebisha, wala hakuna anayelipwa mshahara. Kwenye miradi ya hivyo jina lako katika faili lile ndio ujira wenyewe. Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta ulio huria pia, una faili lake liitwalo CREDITS, ambamo kila mtu ana mstari unaoanza na N kwa jina lake na mwingine unaoanza na D kwa alichofanya. Nikauiga mtindo huo: J ya jina, K ya kazi.

Majina niliyatoa kwenye Git, programu inayotunza kumbukumbu ya nani amebadilisha nini kwenye msimbo, kwa amri ya shortlog, inayohesabu mabadiliko ambayo kila mtu ameyahifadhi. Kasoro yake ni kwamba haitazami uzito. Mwenzetu mmoja alikuwa na tabia ya kuhifadhi kila akirekebisha nukta, basi akaongoza orodha. Mimi niliyekesha usiku mzima nikiandika upya hesabu ya mikopo nilipata moja. Nilinuna, sikatai.

Halafu kulikuwa na mfadhili. Mwenye duka moja la simu alitupa modemu na bando la miezi sita, akataka aandikwe juu kabisa, "Mdhamini Mkuu", na namba ya duka pembeni. Aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi anamjua mtu huyu. Mchango wake hausomwi bila kipaza sauti. Nilikuwa naandika kwa Vim, programu ya kuandikia msimbo, ambayo ukiifungua, chini ya jina la mtunzi wake Bram Moolenaar, mara nyingi unakuta ombi la kuwasaidia watoto maskini wa Uganda. Mholanzi yule alijitolea mwaka 1994 kama mhandisi wa maji na usafi katika kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda, karibu na mpaka wetu. Nafasi ambayo wengine wangebandika tangazo, yeye akawapa wale watoto. Nikamweka mwenye duka kwenye "Waliotusaidia vifaa", bila namba. Hakufurahi.

Aliyenisumbua zaidi ni mtu ambaye Git haikumjua kabisa, mama mweka hazina wa kikundi kimoja cha Mbagala. Kwa miezi minne aliendesha programu yetu sambamba na kaunta buku lake, na kila Jumatatu alitupigia simu kutupa tofauti. Ndiye aliyetufutisha neno "riba". Alisema wengi wa wanachama wake ni Waislamu, wakiliona hilo neno hawafungui tena, tukaandika "nyongeza". Na ndiye aliyetuuliza, baada ya kufanya mgao wa majaribio, "Mwanangu, mia tatu na arobaini imelala wapi?"

Tulimwambia ni kitu kidogo. Akajibu kwamba kwenye sanduku lenye kufuli tatu hakuna kitu kidogo. Tulitafuta kwa wiki mbili. Kumbe programu ilikuwa inakata senti kwenye thamani ya kila hisa: senti 40, mara hisa 850. Shilingi 340 kamili. Kwenye kaunta buku lake zilikuwepo, kwetu zilikuwa zimeyeyuka.

Nikampigia kumwambia nataka kumwandika wa kwanza.

"Usiniandike," akasema. "Mimi nashika hela za watu. Wakiona jina langu kwenye mtandao watasema nimelipwa. Kama unataka, njoo Jumamosi ukaliombe kundi."

Nilifika nimechelewa dakika kumi. Kabla sijakaa nikadaiwa faini ya shilingi 500. Nikasema mimi si mwanachama. Mwenyekiti akasema saa haimjui mgeni. Nikalipa.

Nilieleza ombi langu, nikadhani nitajibiwa kwa makofi. Nikaulizwa, "Tukiandikwa, tutapata mgao?" Hapana, programu ni ya bure. "Mtu akiichukua akaiuza?" Leseni inamruhusu, nikasema, na hapo pakachafuka. Mama mmoja akasimama akauliza kama miezi yote ile walikuwa wanatufanyia kazi bure. Nikamwambia hata mimi nafanya bure. Wakacheka, nadhani kwa kunihurumia.

"Sasa wewe unapata nini?" bibi mmoja akauliza.

"Jina, bibi."

"Basi na yeye mpeni."

"Yeye hataki," mwenyekiti akamkumbusha.

Wakabishana kama nusu saa, mimi nikiwa nimekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Mweka hazina hakusema neno. Alikuwa anaandika tu. Mwishowe wakanyoosha mikono: jina la mtu lisiandikwe, jina la kikundi nalo lisiandikwe, maana wezi nao wanasoma. Kazi iandikwe. Hapo ndipo mweka hazina alipoinua kichwa.

"Na ile mia tatu na arobaini uiandike."

Usiku ule niliweka mistari miwili juu ya majina yetu wote, juu ya mwenye duka, juu ya yule bingwa wa nukta:

J: Kikundi cha akina mama, Mbagala
K: Waliuliza shilingi 340 zimelala wapi

Wakati naaga pale kikaoni nilichungulia kaunta buku lake, nione ameniandikaje. Kwenye ukurasa wa faini, kwa wino wa bluu, palisomeka: "Mgeni wa kompyuta, 500, amelipa."