Karati Mbili za Pete Moja

Mjomba alikuwa sonara, na likizo zangu nilizimalizia kwenye karakana yake. Asubuhi moja aliingia mama mmoja na pete ya marehemu mama yake. Alitaka binti yake mmoja aichukue, mwingine apewe thamani yake. Akauliza, "Fundi, hii ni karati ngapi?"

"Dhahabu au jiwe, mama?"

Mama akanyamaza. Mjomba akavuta kiti, akamkaribisha akae.

Ndani ya pete mlikuwa na chapa ya 750, yaani sehemu 750 za dhahabu katika kila 1000, iliyokaribia kufutika. Mjomba hakutegemea chapa peke yake, na mpaka leo naipenda tabia hiyo. Aliisugua pete kwenye jiwe jeusi la kupimia, ikaacha mistari miwili ya manjano. Tone la asidi ya karati 18 likaangukia wa kwanza, mstari ukabaki vilevile. Tone la ile kali, ya karati 22, likaangukia wa pili, ukayeyuka tukiutazama.

"Dhahabu safi ni mafungu 24," akamweleza. "Humu mna 18, yaani robo tatu. Yaliyobaki ni fedha na shaba, ndiyo yameipa ugumu wa kuvaliwa kila siku."

Kisha akakunjua kwa koleo makucha yaliyoshika jiwe, akaitoa almasi, akaiweka kwenye mizani: gramu 0.1. Nusu karati. Hapa karati ni uzito mtupu, miligramu 200, kipimo kilichokubaliwa kimataifa mwaka 1907. Kabla ya hapo karati ya mji mmoja iliweza kupishana na ya mji mwingine, ingawa jina lilitokana na kitu kilekile, mbegu ya mti wa mkarubi iliyotumika kupimia. Wamarekani huzitenganisha kwa maandishi, karat yenye K kwa dhahabu na carat yenye C kwa vito. Waingereza huandika C kote, na mnunuzi asiyeuliza huchanganyikiwa.

"Kwa hiyo jiwe ni zuri au baya?" mama akauliza.

Swali la haki kabisa, na mizani haikuwa na jibu lake. Mjomba akampa lenzi. Karibu na ukingo kulikuwa na kidoa cheusi, kidogo kuliko ncha ya sindano. Mama alikitazama kwa muda mrefu, kisha akanipa lenzi na mimi.

Akaomba jiwe lirudishwe mahali pake. Mjomba akanipa kalamu, nikaandika uzito wa pete na karati za dhahabu yake, chini yake karati za almasi, kisha kile kidoa. Akatia saini, mama akaondoka na karatasi ya kuwaonyesha binti zake wote wawili.