Vifaru wale, vifaru vile

Jana usiku nilikuwa namsaidia mpwa wangu kazi ya ngeli. Ana miaka tisa na haachi kitu kipite bila kukihoji. Tukafika kwenye kifaru. "Mjomba, kwa nini kifaru amelala, halafu kifaru kimeharibika?" Nikamwambia yule wa kwanza ni mnyama, anapumua. Cha pili ni cha vitani, chuma kitupu. Jina moja, sarufi mbili! Akacheka mpaka penseli ikamdondoka.

Hapo nikakolea. Nikamweleza kuhusu kitabu. Neno limetoka Kiarabu, na ile "ki" ya mwanzo ni sehemu ya neno lenyewe, lenye mzizi k-t-b, wala si kiambishi. Sisi tukaisikia, tukasema ahaa, huyu ni wa kwetu, tukampa wingi: vitabu. Waarabu wenyewe husema kutub. Kiplefti nacho, ule mzunguko wa barabarani, kilitoka kwenye amri ya Kiingereza "keep left", ya kuwataka madereva wapite kushoto. Leo kina wingi wake, viplefti, kama viti na vikombe.

Ninachokipenda zaidi ni madigadi, zile kinga za tope za magurudumu. Ile "ma" ilikuja na neno kutoka Kiingereza, "mudguard", lakini masikio yetu yakasikia wingi, basi likikatika moja tunasema digadi. Lugha imejizalia umoja wake!

Mpwa wangu akanyamaza kidogo, akawaza. "Sasa mjomba, mtu akichora kifaru mwenye magurudumu, nisemeje?"

Tumelala saa tano, bado tunabishana.