Kilomita 21 mara mbili ndani ya wiki moja, kwa mwendo wangu

Jacob Kiplimo, mkimbiaji wetu wa Uganda, alikimbia kilomita 21 za Lisbon, Novemba 2021, kwa dakika 57 na sekunde 31. Siku moja wateja walikuwa wachache, nikaizidisha mara tatu kwenye kikokotoo cha dukani: masaa mawili, dakika 52, sekunde 33. Kwa hiyo hata siku niliyoamka vizuri, Kiplimo akianza pamoja nami angemaliza, angerudi akaanza upya, angemaliza tena, na ile ya tatu angenipita nikiwa ndiyo kwanza naona utepe. Nayasema haya mapema ili ujue anayeongea ni nani. Ni mama wa miaka arobaini na kitu, nauza vitenge kwa jumla Kikuubo, pale katikati ya biashara za Kampala, na nikikimbia asubuhi watu wa boda huniuliza naelekea wapi wanipeleke.

Mwaka ule kalenda ilijipanga yenyewe. Rotary Cancer Run ilikuwa Jumapili ya mwisho wa Agosti, Kololo hapa Kampala, na Rwenzori Marathon ikaangukia Jumamosi iliyofuata, Kasese, magharibi mwa Uganda. Zote zina kilomita 21. Ya Kololo sikutaka kuikosa kwa sababu pesa zake zilikuwa zinachangia jengo la tiba ya mionzi hospitali ya Nsambya, na kwenye ukoo wetu saratani si habari ya redioni. Ya Kasese ni ya nyumbani. Baba alichimba shaba Kilembe mpaka mgodi uliposimama mwaka 1982, na Kiswahili changu chote kimetoka kwenye laini, zile nyumba za safu za wachimbaji pale. Mbio zije hadi mlangoni kwetu halafu mimi nibaki Kampala napima mita za kitenge? Haiwezekani.

Kwenye kikundi chetu cha asubuhi kuna kaka mmoja, mwembamba kama mti wa bendera, ambaye 21 kwake ni saa moja na nusu. Akanipa mpango bure: "Dada, hiyo ni kitu kidogo. Jumatatu pumzika, Jumanne jog nyepesi, Jumatano piga spidi, Jumamosi maliza kazi." Nikamshukuru kwa heshima zote. Mpango ni mzuri, ila umeandikwa kwa ajili ya miguu yake.

Hapa ndipo penye jambo ambalo wenye kasi hawatuambii, na si kwa ubaya, ni kwa sababu hawajawahi kukaa huko. Stephen Kiprotich wetu alichukua dhahabu ya marathoni ya Olimpiki, London mwaka 2012, kwa 2:08:01. Tungeanza pamoja, wakati yeye anakata utepe wa kilomita 42 mimi ningekuwa kilomita ya kumi na tano hivi ya mbio ambayo ni nusu ya yake. Mwendo wa taratibu unahamisha kazi tu, haupunguzi. Mapafu yangu hayateseki sana, naweza hata kuongea na jirani. Kinachoteseka ni nyayo, kwa sababu hatua zangu ni fupi na kwa umbali uleule nakanyaga lami mara nyingi kuliko yeye. Ngozi inateseka, maana masaa karibu matatu ya nguo kusugua kwapa si sawa na saa moja na nusu. Tumbo linateseka, maana yeye anaweza kumaliza na chai ya alfajiri, mimi lazima nile njiani. Na jua: sote tunaanza alfajiri kukiwa na ubaridi, lakini yeye anamalizia kwenye ubaridi, mimi namalizia kwenye jua la saa tatu.

Kwa hiyo nilijiandaa kwa masaa, nikaachana na spidi. Jumamosi nilitoka Najjanankumbi kabla teksi hazijajaa barabara ya Entebbe, nikatembea na kukimbia mpaka miguu ichoke. Jumapili, kabla ya ibada, nikatoka tena kwa safari fupi na miguu ileile iliyochoka. Hiyo ya Jumapili ndiyo dawa yenyewe. Haikuongezi kasi hata kidogo, ila inakufundisha mwili unavyolalamika unapoamshwa bila kulipwa deni la jana, na unazoea kutoogopa malalamiko hayo.

Njia yangu ni ile ya Jeff Galloway, yule Mmarekani: unakimbia dakika kadhaa, unatembea moja, tangu mwanzo kabisa, kabla hujachoka. Watu wengi hutembea wakiwa wamekwisha, na hapo kutembea hakusaidii tena. Huyu Galloway mwenyewe alikuwa Munich kwenye Olimpiki ya 1972 kwa mita 10,000, michezo ileile ambayo Akii-Bua wetu aliruka viunzi vya mita 400 kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia na dhahabu ya kwanza ya Uganda. Mimi huyu wa Kilembe ninayetembea katikati ya mbio, nimejifunza kutembea huko kwa mtu aliyefika Olimpiki. Najipa moyo hivyo anayenipita akinitazama kwa huruma.

Kololo nilikwenda na sharti moja tu: nimalize nikiwa na hamu ya kuendelea. Vilima vya Kampala mnavijua. Watu wengi huogopa kupanda, mimi naogopa kushuka. Ukipanda unahema, ukifika juu yameisha. Ukishuka, paja la mbele linakuwa kama breki ya lori lenye mzigo: msuli unavutwa urefuke huku wenyewe unajikaza kukuzuia usianguke, na huo mvutano ndio unaochana nyuzi zake. Maumivu hayaji siku hiyo. Yanaanza kesho yake na kukomaa siku ya pili, wakati wewe umeshajisifu kwenye WhatsApp kwamba uko salama. Kwa hiyo kwenye mapando nilikimbia kidogo, na kwenye miteremko nikashuka kwa vihatua vifupi, magoti yamelegea, mahali pengine nikatembea kabisa. Kijana mmoja aliyevaa fulana ya mbio na suruali ya jinzi akanipita akiteremka kwa shangwe, mikono juu. Nilimkuta mbele amekaa ukingoni akijikanda vigimbi. "Gyebale ko nnyabo," akaniambia kwa Kiganda, yaani hongera kwa kazi, mama. Nami nikamwitikia vizuri tu, nikaendelea.

Nilimaliza nikiwa na hamu. Nikachukua maji, nikapanda boda, nikarudi nyumbani kupika.

Jumanne ilikuja kama ilivyoahidiwa. Stoo yetu iko ghorofa ya pili, ngazi za saruji, nyembamba, na chuma cha kushikia kimelegea upande mmoja. Kupanda hakukuwa na shida. Kushuka, nilisimama pale juu nimekumbatia robota la kitenge, nikaweka mguu wa kulia chini, paja likakataa. Nikageuka. Nikashuka ngazi zote kinyumenyume kama mtoto anayeshuka kitandani, kidole cha mguu kikitangulia kupapasa, robota kifuani, mkono kwenye kile chuma kinachocheza. Mteja wangu kutoka Arua alikuwa chini anasubiri. Hakucheka. Aliniuliza tu kama bei ya robota imepanda au imeshuka.

Duka la dawa la jirani walinishauri vidonge vya kuzuia maumivu, vile vikali. Hivyo sivigusi wiki ya mbio, na siku ya mbio ndiyo kabisa: ibuprofeni, diklofenaki na ndugu zao ukivimeza huku umekaukiwa na maji unazibebesha figo mzigo usio wake. Maumivu ya misuli ya namna hii yanaondoka yenyewe. Nilichofanya ni kutembea jioni badala ya kukimbia, kulala mapema hata kama mahesabu hayajaisha, na kula bila haya. Katogo ya ndizi asubuhi, posho (ugali wetu) na maharage mchana, matoke na binyebwa, mchuzi wa karanga, usiku, na rolex, chapati iliyoviringishiwa mayai mawili, pale njaa iliponikamata katikati. Kaka yule mwembamba alikuwa kwenye spidi yake Jumatano. Mimi Jumatano nilikuwa naosha soksi.

Alhamisi nikapanda basi la Kasese kwa njia ya Fort Portal. Sikungoja Ijumaa kwa makusudi, maana masaa yote yale kwenye kiti yanajaza miguu maji, vifundo vinavimba mpaka kiatu kinabana. Nilimwomba kondakta ruhusa ya kusimama kwenye njia ya katikati kila baada ya muda, akanijibu, "Mama, simama hata mpaka Kyenjojo, mradi umelipa kiti." Nikasimama nikiinua visigino na kushusha, na abiria wakaanza kunitazama kama nina mapepo. Chai ya Kyenjojo pande zote mbili za barabara, kijani mpaka macho yanapumzika.

Usiku wa Ijumaa kwa kaka yangu ulikuwa wa chumvi. Sisi wa Kasese chumvi ya Katwe tumeikuta jikoni, ile inayochimbwa ziwani, ngumu, yenye rangi ya kijivu. Siku za mbio ndefu mimi humaliza na mistari myeupe kwenye kofia, kwa hiyo najua ninachopoteza. Nikatwanga kipande, nikakata karatasi ya daftari la mtoto vipande vidogo, nikaweka chumvi ya kubanwa na vidole viwili kila kipande, nikasokota ncha kama wauza karanga wanavyofanya. Vikaingia kwenye mfuko wa kaptula pamoja na vipande vya sukari guru. Binti ya kaka alikuwa anashika taa ya simu. "Shangazi, hii ni dawa ya kienyeji?" Nikamwambia ni chakula cha ng'ombe na cha shangazi yake.

Kasese si Kampala. Mji umekaa chini kwenye Bonde la Ufa, Ikweta inapita Kikorongo, mwendo mfupi tu wa gari, na asubuhi haina ubaridi wa kukudanganya. Milima iko pale ubavuni, Margherita na mita zake 5,109 za mawe na theluji, lakini mara nyingi imejifunika mawingu na wewe unabaki na jua lako. Hapo nikabadilisha hesabu. Kololo nilikuwa natembea dakika moja kwa kila nne. Kasese nikaanza na moja kwa kila mbili kabla mtu hajaniuliza kitu. Kila kituo cha maji: kikombe kimoja kinywani, kimoja kichwani, chumvi ulimini, sukari guru shavuni inayeyuka yenyewe.

Mpaka kilomita ya kumi miguu ilikuwa mizito lakini mitulivu. Nilijua huo uzito, ni ule wa Jumapili za Najjanankumbi. Baada ya hapo nikaanza kuwapita watu. Sikuongeza kitu, wao ndio walianza kupungua. Wachuuzi wa sokoni walikuwa wametoka barabarani, na wamo wengi waliovuka mpaka wa Mpondwe kutoka Kongo, wanapiga kelele za kwao: "Kuraje mama! Kuraje!" yaani jipe moyo. Bibi mmoja akanishika mkono kabisa, akauliza, "Mwanangu, wenzako wako wapi?" Nikamwambia wako nyuma. Akageuka kuangalia nyuma. Walikuwepo kweli!

Kilomita mbili za mwisho hazina hadithi. Kidole gumba cha kulia kilikuwa kinagonga kiatu, kwapa limechubuka juu ya Vaseline yote niliyopaka, na nilikuwa nahesabu nguzo za umeme. Nilimaliza kwa masaa matatu na dakika chache, nyuma ya muda wangu wa Kololo, na sikuona cha kusikitisha hapo: joto lile, na wiki ile miguuni. Binti ya kaka, aliyefanya kilomita tano asubuhi ileile, alikuwa ameshaoga, amebadilisha nguo, amesuka mistari miwili ya nywele, na ananingoja na sahani ya bundu, ugali wa muhogo, na samaki. "Shangazi, nilidhani umepitia Kilembe kwanza."

Yule kaka wa kikundi amenipigia simu juzi. Sasa anataka tufanye Jumamosi na Jumapili, 21 na 21, bila siku hata moja katikati. Nimemwuliza ngazi za dukani atanishukia yeye? Nitafanya 10 ya Jumapili, na Jumamosi nitamshikia maji.