Nilivyoondoa ukijivu kwenye theluji: kupiga picha Kibo na mbega msimu wa baridi

Kuanzia Juni hadi Agosti, sisi tunaopiga picha kwa mapenzi hapa Moshi na Arusha huwa tunaoneshana picha zenye kasoro mbili zilezile. Theluji ya Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, inatoka na rangi ya majivu, na mbega, yule kima mweusi mwenye mashungi meupe, wa Hifadhi ya Arusha anatoka kama kipande cha mkaa juu ya tawi, hana macho wala pua. Mwanzoni nilikuwa nazirekebisha kwenye kompyuta, navuta mwangaza juu hadi anga inajaa chembechembe. Dawa yake haiko huko. Nusu iko kwenye kamera kabla hujabonyeza, na nusu nyingine iko barabarani, pale unapoamua utasimama upande gani wa mlima.

Nianze na kamera. Kipima mwanga kilichomo ndani yake hakijui kama mbele yako kuna theluji au mkaa. Kimetengenezwa kikiamini kwamba ukichanganya vyote vilivyomo kwenye fremu utapata kijivu cha kati, na kitaongeza au kupunguza mwanga mpaka kikipate hicho kijivu. Fremu ikijaa theluji na mawingu, kamera inaona mwanga umezidi, inaubana, na weupe unashuka kuwa majivu. Fremu ikijaa manyoya meusi ya mbega, inafanya kinyume: inaongeza mwanga, meusi yanapauka, na yale mashungi meupe ya ubavuni na mkiani yanaungua kabisa, hayabaki hata na unywele mmoja unaoonekana.

Kwa hiyo nilichojifunza kwanza ni kukitumia bila woga kile kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, kinachoiamuru kamera iongeze au ipunguze mwanga kwa kipimo kiitwacho stopu. Kumbuka stopu moja juu ni kuongeza mwanga mara mbili, kwa hiyo hata theluthi moja ya stopu inaonekana. Kibo likijaza fremu huku limepigwa na jua, naweka +1 hadi +1.3. Kibo hilohilo likiwa dogo juu ya migomba na mikahawa ya kijani kibichi, sijumlishi kitu, na mara nyingi natoa theluthi mbili, kwa sababu sasa giza la migomba ndilo linaloidanganya kamera, nayo itaiunguza theluji ili kuiangaza migomba. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Wamesikia kwamba theluji inataka kuongezewa mwanga, wanaongeza kila mara. Usiangalie jina la kitu unachopiga, angalia ni rangi gani iliyochukua eneo kubwa la fremu.

Mbega ndiye mwalimu mzuri wa jambo hili. Akikaa kwenye tawi la juu na nyuma yake kuna anga jeupe la kipupwe, ongeza +1.7 hadi +2, ukubali anga liungue, maana ukilinda anga utampoteza mnyama. Akishuka ndani ya msitu wenye giza akakaa karibu na kuijaza fremu, toa 0.7 hadi 1. Ni mnyama mmoja, asubuhi moja, pengine dakika tano tu zimepita, lakini tofauti ni karibu stopu tatu. Ukisahau kurudisha kitufe, mfululizo mzima umekwenda.

Baada ya fremu ya kwanza natazama histogramu, ile grafu ya kamera inayoonesha giza kushoto na weupe kulia, siyo picha yenyewe, kwa kuwa kioo cha nyuma ya kamera kinaonekana chenye mwanga mkali kukiwa na giza na hafifu kukiwa na jua. Kwa theluji nataka mlima wa histogramu usogee kulia bila kugusa ukuta wa mwisho wa grafu. Nimewasha pia ile alama inayopepesa kwenye sehemu zilizoungua. Ikipepesa vidoa vichache juani pale penye barafu inayong'aa, naacha. Ikipepesa sehemu yote ya juu, nashusha theluthi moja na kurudia. Kwa heroe wa maziwa ya Momella, histogramu ya rangi zote kwa pamoja haitoshi: fungua ile ya rangi tatu utazame nyekundu. Waridi lao huungua kwenye nyekundu wakati zile nyingine bado ziko salama, na ndege anatoka kama kipande cha plastiki. Napiga faili la RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalibana, siku zote. Linakuachia nafasi ya kurudisha kidogo weupe uliozidi, nafasi ambayo JPEG haina.

Jambo la pili ni jua, na hili nililichelewa kulielewa kuliko yote. Moshi iko kusini mwa Kibo, kilomita zipatazo 30. Mwezi Juni jua liko kaskazini mwa ikweta, kwa hiyo linachomoza kaskazini mashariki, mchana linapita upande wa kaskazini, na linazama kaskazini magharibi. Yaani ukisimama Moshi ukitazama mlima, jua la Juni liko mbele yako kutwa nzima, na uso wa kusini wenye mabarafu ya Kersten, Heim, Decken na Rebmann uko kivulini au unapata mwanga wa kuteleza tu. Desemba na Januari mambo yanageuka: jua linachomoza kusini mashariki, nyuma ya bega lako la kulia, na uso wote unawaka. Picha nyingi zinazosifiwa za Kibo kutoka Moshi ni za miezi hiyo. Mtu anayezitafuta Julai anajilaumu bure.

Msimu wa baridi mimi huhamia upande wa magharibi, njia ya Boma Ng'ombe kwenda Sanya Juu na kuendelea, na nasubiri jioni. Asubuhi usijisumbue huko, kwani jua la Juni linachomoza karibu nyuma ya Kibo penyewe, utapata kivuli cha mlima basi. Lakini kuanzia saa 11:30 jioni mwanga unatoka nyuma ya bega lako la kushoto, unaupiga uso wa magharibi, na rangi inabadilika kila dakika hadi jua linapozama kama saa 12:30. Upande huu una faida nyingine. Upepo wa kusi unaleta unyevu na kuumwaga kwenye miteremko ya kusini, ndiyo maana Moshi na Machame wanaweza kukaa siku kadhaa chini ya blanketi la mawingu, wakati magharibi ni pakavu zaidi. Hasara yake ni vumbi, basi lenzi ibadilishwe ndani ya gari, vioo vikiwa vimefungwa.

Kwa wasioweza kutoka Moshi, mwezi ndio mkombozi. Mwezi mpevu hukaa upande wa pili wa jua, hivyo mwezi mpevu wa Juni na Julai unapita kusini na kuuangaza uso uleule ambao jua linaunyima. Mawingu mara nyingi hukatika baada ya usiku wa manane. Saa 9 hadi saa 11 alfajiri, stendi ya miguu mitatu ikiwa imara, anza na tundu la lenzi f/4, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 800, sekunde 10 hadi 15, kisha usome histogramu. Nyota za upande ule hazichori mistari haraka, kwa kuwa unatazama karibu na ncha ya kaskazini ya anga ambako zinasogea polepole sana, hata kwa lenzi ya milimita 85. Zima kitulizaji cha lenzi kamera ikiwa kwenye stendi, weka kuchelewa kwa sekunde 2, na fokasi uifanye kwa mkono: kuza picha kwenye kioo mara kumi, tafuta ukingo ambapo barafu inakutana na jiwe, zungusha taratibu hadi ukingo uonekane mkali. Usiiamini alama ya mbali kabisa iliyoandikwa kwenye lenzi. Nyingi zinapita hapo kidogo.

Umande ndio adui wa usiku huo. Kioo cha mbele kinapoa kuliko hewa, unyevu unatua, na picha inaanza kuwa laini taratibu hata usijue, mpaka ufike nyumbani. Kofia ya lenzi, ile inayochomoza mbele na siyo kifuniko, inasaidia. Kinachosaidia zaidi ni soksi yenye mchele uliopashwa moto mkavu kwenye sufuria, ukaifunga kuzunguka lenzi karibu na kioo cha mbele. Mchele uwe wa kushikika mkononi bila kuunguza. Ukipoa, pasha mwingine.

Ukipanda Shira au juu zaidi, baridi inashuka chini ya sifuri usiku. Betri ziwe mfuko wa ndani wa shati, siyo kwenye begi. Inayoonekana imekwisha hurudi na chaji kiasi ikipata joto. Na ukirudi penye joto, begi la kamera libaki limefungwa zipu kwa saa nzima. Anayelifungua mara moja ili aangalie picha anakaribisha maji ndani ya lenzi.

Kuhusu kutikisika: ndani ya hifadhi unapiga ukiwa kwenye gari, na stendi haina nafasi. Nilipeleka mguu wa jinzi kuukuu kwa fundi cherehani, akakata kipande cha sentimita 35, akashona upande mmoja na kuweka zipu upande wa pili. Ndani nikatia kilo mbili za maharage makavu. Usijaze hadi mfuko ukawa mgumu kama mpira. Acha robo tupu ili lenzi izame na kushikwa. Unaulaza juu ya kioo cha mlango kilichoshushwa nusu, dereva anazima injini, na lenzi ya milimita 300 inatulia hata kwa 1/125. Injini ikiwaka, mfuko wowote ni bure. Maharage yakinyeshewa yatoe yote uyaanike, la sivyo yanachipua na kunuka.

Ukiingia kwa geti la Ngongongare asubuhi, msitu wa kuelekea kreta ya Ngurdoto mara nyingi una ukungu, na watu wengi wanaupita haraka kukimbilia maziwani. Mimi naona ukungu ndio mwanga bora wa mbega kuliko wote. Jua kali linaweka nafasi kubwa mno kati ya weusi na weupe wake, sensa, kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga, haiwezi kubeba vyote viwili. Ukungu unavikaribianisha, na unaona mikunjo ya uso mweusi pamoja na nyuzi za shungi jeupe. Weka +0.7 hadi +1 ukungu ukitawala fremu. Kasi ya shata 1/250 kwa aliyekaa, 1/1600 kwa anayeruka, na ISO iende 3200 ikibidi. Chembechembe zinavumilika, mtikisiko hauvumiliki. Fokasi ya kamera huhangaika kwenye ukungu, kwa hiyo tumia nukta moja tu na uiweke pale shungi linapokutana na manyoya meusi, hapo pana ukingo wa kushika.

Sasa kukosoana. "Kaka, picha kali!" inapendeza moyoni lakini haimsaidii aliyeleta picha. Nilichofanya ni kuleta picha moja, na namba zake, na swali moja: kwa mfano, theluji hii imeungua au bado? Watu wanajibu swali vizuri kuliko wanavyojibu picha tupu. Ukituma kwa WhatsApp itume kama hati, siyo kama picha, maana njia ya kawaida inaibana na kufuta hasa yale maelezo madogo ya weupe tunayoyabishania. Mwangaza wa simu uwe nusu. Simu iliyowashwa hadi mwisho inaifanya picha yenye giza ionekane sawa, nawe unashangaa ikichapwa A4 inatoka kama usiku.

Mimi nikikosoa naanza na sehemu nyeupe kuliko zote, nauliza kama ina maelezo ndani yake. Kisha nafuata kingo nne za fremu kwa kidole, kwa kuwa huko ndiko nyaya za umeme na nusu ya paa la bati vinakojificha. Kisha mlalo. Kilimanjaro lina mabega yasiyolingana, Shira inateleza kushoto na Mawenzi inasimama kulia ukitazama kutoka Moshi, na jicho linashawishika kuinamisha kamera ili kuyasawazisha. Tumia kipima ulalo cha kwenye kioo, siyo mlima. Na kabla ya kumwambia mwenzako theluji yake ni chafu, uliza alipiga lini. Siku chache baada ya theluji mpya kuyeyuka, kinachobaki ni barafu ya zamani yenye vumbi, nayo kwa kweli ni ya kijivu na buluu. Ukiifanya nyeupe kama karatasi umeisemea uongo. Theluji ya kivulini vilevile ina ubuluu wake wa haki, kwa sababu inaangazwa na anga. Mimi naacha joto la rangi kwenye 5500 na kuupunguza ubuluu kidogo tu.

Kwa mbega, kosa linalorudi kuliko mengine ni mkia. Wa huku kwetu ana mkia mrefu wenye shungi kubwa jeupe, na akikaa unaning'inia chini kabisa ya tawi. Mpigaji anashika kamera kwa ulalo, anakaza fokasi usoni, na mkia unakatwa katikati. Siku hizi kamera naishika wima tangu gari linapoingia msituni, uso wa mnyama nauweka theluthi ya juu, na kabla ya kubonyeza natazama kilicho nyuma ya mkia. Kikiwa ni anga, namwomba dereva asogee mbele mita mbili tatu, hadi shungi liwe mbele ya majani yenye giza.