Nyuma ya Baiskeli ya Shangazi

Shangazi hakuwa na haraka hata kidogo. Hilo ndilo linalonijia kwanza ninapoikumbuka ile Jumamosi ya Juni 2018: yeye mbele na baiskeli yake ya kijani yenye kikapu, mimi nyuma na ya kuazima, tukitoka taratibu kwenye kituo cha treni cha Moreton-in-Marsh. Alikuwa na miaka 60, muuguzi aliyebakiza miezi michache kustaafu, na kwa zaidi ya miaka 20 alikuwa amekwenda kazini kwa baiskeli mjini Oxford, iwe mvua, iwe baridi ya kukata masikio. Mimi nilikuwa mwanafunzi, mwaka wangu wa kwanza Uingereza, nimemaliza mitihani na kichwa kizito. Alhamisi alinipigia simu. "Baba, Jumamosi usipange kitu. Njoo nikutembeze."

Huniita baba kwa sababu nimerithi jina la baba yake.

Barabara kuu ya Moreton ni ya Warumi. Inaitwa Fosse Way. Waliinyoosha karibu miaka 2,000 iliyopita kutoka Exeter hadi Lincoln, na ukiitazama kwenye ramani utadhani imepigwa kwa rula. Leo inapita malori. Shangazi alisimama pembeni, akaniambia Warumi walikuwa na haraka ya vita na sisi hatuna, akakata kushoto kuingia njia za nyuma za kwenda Evenlode.

Njia hizo ndizo zilizoniponya. Upana wake ni wa gari moja, huku na huku ua wa michongoma, na mahali ua unapoishia unaanza ukuta wa mawe yaliyopangwa bila saruji, jiwe juu ya jiwe, umesimama hivyo vizazi na vizazi. Kwa mtu aliyekulia chini ya milima ya Uluguru, vilima vya Cotswolds, eneo hilo tulilokuwa tukilizunguka, ni matuta tu. Lakini tuta likifuatwa na tuta jingine, paja linalijua. Nilijifunza kwa Shangazi kubadilisha gia kabla ya mlima, si katikati yake. Kukaa vizuri kwenye kiti na kuzungusha pedali kwa mdundo mmoja. Na kwenye mteremko kuachia breki, kwa sababu ukishuka vizuri tuta hili, nusu ya lijalo umeshalipanda. Hatukuongea sana. Nilisikia mnyororo wake, ndege, kondoo, na upepo katika ngano ambayo bado ilikuwa ya kijani.

Na nyumba! Kila mtu anayeziandika husema zina rangi ya asali. Mimi niliona rangi ya muhogo uliokaangwa ukaiva vizuri. Jiwe lake ni la chokaa, lililotandikwa chini ya bahari ya kale sana, na chuma kilichomo ndicho kinacholipa ile dhahabu. Ukuta ni jiwe hilo, paa ni vibao vya jiwe hilo hilo, kanisa ni lilo hilo, hata uzio wa zizi. Kijiji kizima kinaonekana kimeota ardhini.

Kitu kimoja sikukielewa. Kila tulipokikuta kijiji chenye msalaba wa mawe wa kumbukumbu ya vita, Shangazi alishuka. Aliiegemeza baiskeli, akavua helmeti, akasoma majina yote ya waliokufa 1914 hadi 1918 kwa sauti, jina la kwanza na la ukoo, moja baada ya jingine. Chini yake kuna majina ya vita vya pili. Hayo pia aliyasoma. Unaweza kuwa katika kijiji cha nyumba 30 ukakuta majina kumi na kitu, na mara nyingine ukoo mmoja una watatu. Nilidhani ni tabia ya wauguzi, watu waliozoea kumwita kila mgonjwa kwa jina lake. Nilisimama kando nikisubiri.

Baada ya Broadwell kuna mlima wa kuingia Stow-on-the-Wold, mji uliokaa juu, kiasi cha mita 240 kutoka usawa wa bahari. Nilishuka nikasukuma. Yeye alipanda wote akiwa amekaa, polepole mno, bila kusimama hata mara moja, nami nikamkuta uwanja wa soko ameshamimina chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa. Tulikula chapati za mayai pale uwanjani. Akanionyesha vichochoro vyembamba vinavyoingia uwanjani, akasema ndimo walimopitishwa kondoo ili wahesabike wakati wa kuuzwa. Utajiri wa eneo hili lote, yale makanisa makubwa katika vijiji vidogo, ulitoka mgongoni mwa kondoo: sufu ya Cotswolds ilinunuliwa hadi Italia enzi za kati. Hapo hapo, Machi 1646, ndipo lilipopigwa pigano la mwisho la vita vya kwanza vya wenyewe kwa wenyewe baina ya Mfalme Charles wa Kwanza na Bunge. Wafungwa walifungiwa kanisani. Shangazi alilisimulia hilo kwa maneno machache, akafunga chupa yake.

Kutoka Stow ni mteremko hadi Lower Slaughter. Jina hilo linamtisha anayejua Kiingereza, kwa sababu neno hilo leo ni kuchinja. Asili yake ni neno la kale la mahali penye tope. Na ni kijiji kizuri kuliko vyote nilivyoviona siku ile: mto Eye unapita katikati, maji ya kufika kwenye kifundo cha mguu, vidaraja vya jiwe, kinu cha zamani chenye gurudumu na bomba la moshi la matofali mekundu. Watalii walikuwa wengi. Tukapita.

Upper Slaughter iko kama kilomita moja na nusu mbele, na huko kulikuwa kimya. Shangazi alizunguka. Akaenda kanisani akarudi. Akazunguka tena, nami nikaona uso wake umebadilika, kama mtu aliyeingia wodini akakuta kitanda kitupu. Mzee mmoja alikuwa akipunguza matawi ya waridi mbele ya nyumba yake. Shangazi akamuuliza, kwa heshima kabisa, jiwe la vita liko wapi.

"Hatuna," mzee alisema. "Wetu walirudi wote."

Akaweka mkasi chini, akatuelekeza kwenye ukumbi wa kijiji, akatueleza. Vita vya kwanza walikwenda wanaume 24 na mwanamke mmoja. Wakarudi 25. Vita vya pili walikwenda 36. Wakarudi 36. Februari 1944 ndege za Wajerumani zilikimwagia kijiji mabomu ya moto, nyumba zikaungua, na hakufa mtu. Katika nchi nzima, vijiji vilivyowapokea watu wao wote baada ya vita vya kwanza ni hamsini na kitu tu. Vilivyopata bahati hiyo mara mbili ni kumi na kitu. Waingereza huviita vijiji vya shukrani. Majina yapo ukumbini, lakini ni majina ya waliorudi.

Shangazi alimshukuru. Tukateremka hadi kwenye kivuko, mahali mto unapopita juu ya barabara, akavua viatu akakaa kwenye jiwe, miguu majini. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Baba, unajua kwa nini huwa nasoma?"

Nikamwambia sijui.

Babu yake mzaa baba alichukuliwa kuwa mpagazi 1916, kijijini kwetu upande wa Matombo. Wakati ule Mjerumani alikuwa akirudi nyuma kuelekea kusini na Mwingereza anamfuata, na wote wawili walihitaji mabega. Hatujui hata aliyemchukua ni nani kati yao. Mtoto wake, yule ninayebeba jina lake, alikuwa na mwaka mmoja. Mkewe alimfungia chakula katika jani la mgomba, akamsindikiza mpaka mtoni, na hapo ndipo ukoo wetu ulipomwona mara ya mwisho. Wapagazi walikufa makumi ya maelfu katika vita ile, wengi kwa njaa, kuhara na malaria kuliko kwa risasi. Kariakoo ninayoijua, ya nguo na simu na msongamano, jina lake limetokana na kikosi chao, na mimi nilikuwa nimenunua viatu pale maisha yangu yote bila kuwaza. Sanamu ya Askari pale mjini Dar es Salaam, iliyosimamishwa 1927, inawataja wapagazi pia. Inawataja kwa jumla.

"Hawa wamemwandika kila mmoja," Shangazi alisema. "Hata kijiji cha nyumba 20. Sina kinyongo nao, wamefanya vema. Nikiwasoma wa kwao najiambia labda kuna mtu, mahali fulani huko Rufiji au Mahenge, alimwita wa kwetu kwa jina lake kabla hajafukiwa."

Kisha akanitajia jina la babu yake, lote, pamoja na la ukoo wa mama yake. Nilikuwa na miaka 26 na nilikuwa silijui. Nyumbani tulisema tu "yule aliyekwenda na mizigo". Akanitaka nilirudie mara tatu ili asikie kama matamshi ni ya kwetu. Mara ya pili alinisahihisha.

Jua la Juni kule huzama saa tatu na nusu usiku, kwa hiyo tulikuwa na muda wote. Tukavaa viatu, tukavuka maji tukisukuma baiskeli, tukaanza kupanda. Mlima ulikuwa mfupi na mkali, na safari hii sikushuka. Niliweka gia ya mwisho ya chini nikayatazama magurudumu yake.

"Taja tena," alisema bila kugeuka.

Nikalitaja. Akapiga kengele mara moja. Kondoo waliokuwa karibu na ukuta wakainua vichwa. Nikalitaja tena, kwa nguvu zaidi, akapiga tena, na tukaenda hivyo mpaka juu.