Nilivyopima seva ya korosho kabla ya msimu kufunguliwa

Msimu wa korosho ukishafunguliwa huku Mtwara mwezi Oktoba, hakuna wa kumweleza habari za seva, ile kompyuta kuu inayotunza data na kutoa stakabadhi. Mkulima kaleta magunia, karani anataka stakabadhi itoke. Ndiyo maana napima mapema, na ndiyo maana ushauri wa fundi tuliyeletewa ulinikera: kila kitu kwenye mipangilio ya seva weka juu, eti kapima kimoja kimoja na kila kimoja kimeleta kasi.

Kimoja kimoja, kweli. PostgreSQL, programu yetu ya kutunza data, huja na work_mem (kumbukumbu ya kupangia data) ya MB 4. Akaipandisha hadi 256, ripoti ya malipo ikatoka chapuchapu. Akaongeza idadi ya watu wanaoweza kuingia kwa pamoja, nayo ikakubali. Mimi nikaviwasha vyote viwili, nikairushia seva mzigo wa makarani 60 wanaovuta ripoti kwa mpigo. Taa ya diski ikawaka mfululizo, seva ikaganda. Hesabu yenyewe wala haijifichi: ile 256 si ya seva nzima, ni kikomo cha kila kazi moja ya kupanga data. Mara 60 ni GB 15. Mashine yetu ina GB 8 za RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi. Kinachozidi kinasukumwa kwenye diski, na hapo kasi imekwisha.

Sasa utapimaje michanganyiko yote? Mipangilio 10, kila mmoja kama swichi ya kuwasha na kuzima, ni michanganyiko 1,024! Hapa ndipo ninapojivunia. Nilizipanga kwa jozi: majaribio 6 tu, ukiyapanga sawasawa, yanakutanisha kila swichi na kila mwenzake katika hali zote 4: zote mbili zimewashwa, zote zimezimwa, au moja imewashwa na nyingine imezimwa, kwa zamu. Zipo programu za bure za kukupangia. Balaa linalohitaji swichi 3 kwa pamoja laweza kupenya, lakini sisi jozi ndizo zilizokuwa zikituumiza.

Tumia nakala ya data ya msimu uliopita, usibuni. Matokeo ya mzunguko wa kwanza yatupe, maana data bado inasomwa kutoka diskini. Wastani nao usiuamini. Angalia muda ambao maombi 95 kati ya 100 yamekwisha kujibiwa. Foleni ya ghalani inaletwa na yale yanayochelewa.

Gharama ni bando na mafuta ya jenereta umeme ulipokatika usiku. RAM waliyotaka tununue haikununuliwa. Tumebaki na work_mem ya MB 16 kwa wote, na ripoti ya malipo peke yake ndiyo inayojipandishia hadi 256, moja ikiisha ndipo nyingine inaanza.